Maji ya Kisima Kwenye Hedi ya Turbo

Mliponiaga karakanani mlinipa saa ya ukutani, mkanitaka niandike niliyojifunza tangu nilipoingia mpaka nilipotoka, ili wanaokuja wasianze upya. Saa ilisimama wiki ya pili. Sijaifungua, maana tangu nistaafu nimekuwa mwoga wa kufungua vitu. Maandishi ndiyo haya. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Wala msitafute sifa zangu. Nimezitafuta mwenyewe nikazikosa.

Nitakaa zaidi kwenye hedi moja, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ya gari yangu mwenyewe, niliyoifungua uani kwangu Mtoni baada ya mke wangu Safia kufariki. Mjue mapema kwa nini. Gari ile ilituharibikia njiani tukienda Makunduchi kwa dada yake. Safia hakufika, na hakupata siku nyingine ya kwenda. Mbele ya watu alisema kosa ni lake, nami nikanyamaza. Nilitaka kujua kosa lilikuwa la nani hasa, na pa kuuliza palikuwa mahali pamoja tu, ndani ya ile hedi.

Lakini nianze mwanzo. Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mama yangu alilipiga pasi, na mimi nilidhani fundi ni mtu wa kusimama pembeni akaonyesha kwa kidole. Fundi mkuu wetu wakati ule alikuwa Fundi Kanti, Mhindi mwembamba wa Kiponda, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliliangalia shati zaidi ya alivyoniangalia mimi.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Najua kuendesha."

"Kuendesha hata mwizi anajua."

Akanipa kopo la bolti na mafuta ya taa. Wiki nzima nilisafisha bolti. Shati lile Mama alilifanya tambara la kudekia.

Fundi Kanti hakuwa mtu wa kueleza. Alifanya, na wewe ukaona au usione. Kabla ya kufungua hedi yoyote alichukua kipande cha boksi, akachora umbo la hedi kwa penseli, akatoboa matundu mahali pa kila bolti. Bolti ikitoka kwenye injini inachomekwa kwenye tundu lake la boksi. Hailali chini, haiingii mfukoni. "Kila bolti ina kwao," alikuwa akisema. "Ukiipeleka ugenini itakaa, lakini haitaridhika." Jambo hili mnalifanya mpaka leo, na wengine mnadhani nimelibuni mimi. Sikulibuni. Nilikaa kimya tu mlipokuwa mnanisifu.

Alikuwa na jambo la pili ambalo hamlifanyi, na hilo ni kosa langu. Chini ya bomba la paa la karakana aliweka pipa la maji ya mvua, lina mfuniko, lina kufuli, na ufunguo anao yeye. Rejeta yoyote iliyopita mikononi mwake ilitiwa maji ya pipa lile. Nyuma ya karakana palikuwa na kisima chenye maji tele, hatua kumi tu, lakini hakukubali. Ukija na ndoo ya kisima alikuwa anaimwaga chini mbele yako, taratibu, bila neno.

Mimi niliamini ni mambo ya dini yake. Niliona Wahindi wana maji yao na nadhiri zao, nikasema huyu naye na lake, tumheshimu. Miaka yote ile sikumuuliza hata mara moja. Leo najua kwamba si heshima ile, ni uvivu uliovaa kanzu. Fundi Kanti alipostaafu, na baadaye akafariki, tulivunja kufuli, pipa tukalijaza vyuma vibovu. Rejeta tukaanza kuzijaza kwa maji ya kisima. Mteja akiuliza, nilikuwa na jibu langu ambalo wengi wenu mlilirithi: "Maji ni maji."

Kuna mteja mmoja wa zamani nataka mumjue, muuza vitambaa wa Darajani. Alikuwa na gari yenye turbo iliyokuwa ikichemka. Tukabadilisha gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini. Baada ya miezi akarudi, inachemka. Tukabadilisha tena. Akarudi mara ya tatu, nikamwambia kwa sauti ya mtu mzima, "Bwana, gari hii unaikanyaga mno."

Mtu yule alikuwa akiendesha taratibu mpaka mikokoteni inampita. Akaniangalia. "Fundi, mie na hii gari, nani anayemkanyaga mwenziwe?"

Wote tulicheka. Hedi yake ilikuwa mezani, na njia za maji zilikuwa na ukurutu mweupe pande zote. Niliukwangua kwa mikono yangu, nikaupuliza, ukaniingia puani, nikapiga chafya, nikaendelea na kazi, mpaka tulipomwekea hedi nyingine na ile tukaitupa stoo. Jawabu lilipita puani mwangu nami sikulijua.

Sasa Safia. Mke wangu alishona kofia za mkono, zile za matundu madogo madogo ambayo kila tundu huzungushiwa uzi. Kofia moja humchukua mtu miezi. Alikuwa na macho ya kuona kosa la uzi mmoja kutoka upande wa pili wa chumba. Siku moja nilirudi nyumbani nimenuna kwa sababu nilichanganya valvu za mteja. Valvu kumi na sita, na kila moja imezoea kiti chake. Baada ya siku mbili Safia akanipa kitambaa kirefu cha marekani, ile pamba nene, chenye vifuko kumi na sita, kila kifuko kina namba yake kwa uzi mwekundu.

"Ndivyo wanavyofanya watu wenye akili?" nikamtania.

"Wenye akili hawahitaji," akasema. "Hiki nimekushonea weye."

Nyumbani kwetu Mtoni tuna kisima uani. Bahari haiko mbali, na maji yake yana chumvi kidogo. Ukiyanywa unayajua, ukioga unayasahau. Safia hakufulia kofia kwa maji yale. Alikuwa na madumu yake ya maji ya mvua, kama Fundi Kanti na pipa lake, ila yeye hakuyatia kufuli. Asubuhi moja alinikuta najaza rejeta kwa ndoo ya kisima.

"Maji haya hayatoi povu," akasema. "Kofia ikikauka inatoka ukurutu. Mie sifulii hata kofia, weye watia garini?"

"Gari haivaliwi kichwani," nikamjibu.

Nililicheka sana jibu langu. Hakuna mwingine aliyecheka.

Gari yenyewe ilikuwa kuukuu ya Kijapani, yenye turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Miaka yote niliwashauri watu wasinunue turbo kuukuu: ina joto, haitaki uchafu, haisamehe. Nilipopata nafasi ya kununua gari nikanunua turbo kuukuu. Nilipenda mlio wake. Sina maelezo mengine.

Safia alipoanza kuumwa alipunguza kutoka, lakini alikuwa na haja moja. "Nataka nikalale siku mbili kwa Dada Mize," akasema. Dada Mize ni dada yake mkubwa, anakaa Makunduchi, analima mwani, na mkono wake wa mchuzi wa pweza hauna mfano. Nikamwambia tutakwenda Jumamosi. Asubuhi ya Jumamosi nikajaza rejeta, maji ya kisima, na mfuniko nikaukaza mwenyewe.

Tulifika msitu wa Jozani. Mshale wa joto ukapanda kama mtu anayekimbizwa, kisha nyuma ukatoka moshi mweupe. Nikasimamisha. Nilipofungua boneti, kima watano walishuka kwenye miti wakakaa ukingoni mwa barabara kututazama.

Safia akachungulia dirishani. "Hao nao mafundi?"

Nikachomoa kijiti cha oili. Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nyinyi mnajua maana yake: maji na oili vimekutana, gasketi imekwenda au hedi imepasuka, safari imekwisha. Tukasubiri lori la kutuvuta. Safia alikuwa amechoka, amejifunika leso mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Akampigia simu dada yake, sauti akaifungua ili nami nisikie. Ndipo dereva wa lori akafika, na dereva yule alinijua.

"Fundi! Gari ya fundi nayo inachemka?"

Nilifungua mdomo nikitafuta uongo. Kabla sijaupata, Safia akaniwahi.

"Kosa langu mie," Safia akasema, simu ikiwa wazi, dada yake anasikia. "Alinambia nitazame maji, nikasahau."

Hakuna aliyemwambia atazame maji. Nilinyamaza. Dereva akacheka, akasema ndiyo wanawake hao, na habari ikafika karakanani kabla ya gari. Mtakumbuka Jumatatu ile mlinitania, mkasema mke wa fundi kaichemsha gari ya fundi. Nami nilitabasamu. Nawaandikia haya ili mjue tabasamu lile lilikuwa la nini.

Wiki ya saba baada ya siku ile Safia alifariki. Hakuuawa na gari. Daktari alieleza ugonjwa wake, na kukwama kwetu siku moja barabarani hakukuongeza wala hakukupunguza. Lakini ile haja yake moja haikutimia. Dada Mize alikuja mjini kwa mazishi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya mwisho kuonana, mmoja ana macho wazi na mwingine kafumba.

Gari ilikaa uani imefunikwa turubali. Nikastaafu. Ningeweza kuileta karakanani, mkaifungua mkiwa watatu kwa asubuhi moja, lakini niliona haya. Ikiwa jawabu ni baya nilitaka kulisikia peke yangu kwanza. Kwa hiyo nikaanza kuifungua nyumbani, mtu wa umri huu, magoti mabovu, hakuna shimo la kuingilia, hakuna taa ya kuning'iniza. Nilikalia mbuzi ya kukunia nazi. Siku ya kwanza tu goti lilinikumbusha kwamba mbuzi ina meno mbele.

Karakanani nilikuwa natoa hedi kabla ya adhuhuri. Nyumbani siku tatu. Nilichora boksi, nikatoboa matundu, kisha nikaligeuza boksi juu chini na nusu ya bolti zikaenda kwao na nusu ugenini. Nikaanza tena. Bolti moja ya menifoldi, bomba la kutolea moshi karibu na turbo, ilikatika ndani, nikatumia siku nzima kuitoa kwa kuitoboa katikati taratibu. Vyuma niliviosha kwa dizeli kwenye sufuria ya pilau; sufuria ile sasa ni ya vyuma, nami sina tena wageni wa pilau. Bolti za hedi nilizilegeza kuanzia nje kuelekea katikati, robo robo, kama nilivyofundishwa. Ukizilegeza ovyo hedi inapinda siku ileile unayoifungua, halafu unamlaumu mwenye gari.

Nilipoigeuza juu, uso wa chini ukaelekea jua. Kati ya silinda ya pili na ya tatu alumini ilikuwa imeliwa. Haikuungua, wala haikupasuka kwa kukanyagwa. Imeliwa, kama jino bovu, kuanzia tundu la maji kuelekea kwenye silinda. Na pande zote ukurutu mweupe. Nikauchukua kwa kidole nikautia ulimini. Chumvi.

Mtadhani nililia. Nilifanya jambo la kijinga zaidi: nilitafuta kosa jingine. Niliposhindwa, nikasema labda hedi haikupinda, labda si mbaya hivyo. Nikang'oa kioo cha mlango wa kabati, nikailaza hedi juu yake, nikapitisha katikati geji ya majani, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Jani nene likapita kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Nikasema kioo kimepinda. Nikang'oa kioo cha mlango wa pili. Sasa nina hedi iliyopinda na kabati lisilo na milango, na nguo za marehemu zimo ndani zinanitazama. Nikakaa chini.

Hedi nikaipeleka kwa Mbarouk, mkereza vyuma wa Michenzani, tuliyekua naye pamoja. Aliigeuza mara moja tu.

"Nani aliyetia maji ya kisima humu?"

"Mimi."

"Weye fundi au mpanda mchicha? Hii wamwagilia!"

Akaendelea kunitukana kwa upole muda mrefu, nami nikamwacha, kwa sababu nilihitaji mtu wa kunisema na aliyekuwa na haki hiyo alikuwa kaburini. Alijaza palipoliwa kwa kuchomea alumini, kisha akaukereza uso wote ukawa sawa. Alikereza kidogo sana, maana injini ya turbo ukiikereza hedi mno unabadilisha mgandamizo wake, utaua pistoni kesho.

Kusaga valvu nilifanya mwenyewe, kwenye baraza ya ndani alipokuwa akikaa Safia kushona. Unapaka dawa ya kusagia kidogo kwenye mdomo wa valvu, unaizungusha kwenye kiti chake, kulia, kushoto, unainyanyua, unarudia, mpaka uone pete ya kijivu isiyokatika. Valvu kumi na sita. Kila moja ikitoka kwenye kifuko chake chenye namba nyekundu, na ikirudi humo. Kazi ile ni ya sauti ndogo na mikono, kama kushona. Sikuharakisha.

Nilinunua gasketi mpya ya chuma cha matabaka na bolti mpya za hedi, maana zile za zamani zilishavutika. Nilizikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia, kwa hatua. Turbo nikaimiminia oili kwenye njia yake kabla ya kuiunganisha, kisha nikazungusha injini bila plagi mpaka oili ikafika kila mahali. Turbo ikianza kavu inakufa kwa dakika.

Ikabaki maji. Dukani nikanunua dawa ya rejeta inayozuia kutu, ya kuchanganywa na maji safi. Yakatakiwa maji safi. Nyuma ya mlango wa jikoni madumu matatu ya Safia ya maji ya mvua yalikuwa bado yamejaa, yamefungwa. Nikachuja kwa kitambaa, nikatia. Nikamwaga nusu kikombe juu ya betri, ili jambo lisipite bila upumbavu wangu.

Ikawaka mara ya pili. Mara ya kwanza nilisahau waya wa koili.

Niliikagua wiki nzima, oili safi, maji hayapungui. Kisha nikampigia Dada Mize kwamba nakuja. Sikumwambia kwa nini. Jozani nilipita mshale umetulia katikati. Kima walikuwepo, sikuwapungia mkono.

Nilipoingia uani kwake Makunduchi alikuwa amesimama kizingitini, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina chumvi ya mwani. Akaja mpaka dirishani.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, shemegi. Mbona huzimi gari?"

"Haizimwi ghafla. Turbo inatoka mbio, inataka kupumua kidogo kwanza. Dakika mbili."

"Haya. Tungoje."

Akasimama palepale, mkono juu ya mlango. Injini inanguruma taratibu. Nilikuwa nimepanga kusema baada ya chakula, baada ya dua, baada ya kila kitu. Nikaona nina dakika mbili ambazo siwezi kushuka wala kukimbia.

"Dada Mize," nikasema, "siku ile Safia hakusahau maji. Sikumwambia atazame. Niliyatia mwenyewe, maji ya kisima, na alinikataza, na ndiyo yaliyoila injini. Alibeba kosa langu mbele ya watu nami nikamwacha."

Alikuwa anaangalia boneti.

"Alinambia," akasema. "Jioni ileile, kwa simu, mlipofika nyumbani. Alisema, 'Dada, mie sikusahau maji. Lakini usimuulize. Akifungua ataona.'"

"Nimefungua."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi." Akagonga mlango wa gari mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayemwambia dereva aondoke, ila yeye alikuwa ananiambia nibaki. "Ishapumua hiyo. Zima, ushuke. Mchuzi wa pweza unapoa."

Nikazima.

Wenzangu, wekeni pipa chini ya bomba la paa. Si lazima liwe na kufuli. Na mtu akiwauliza kwa nini, msinyamaze kama Fundi Kanti, wala msimjibu kama mimi. Mwonyesheni hedi. Ile ya zamani ya muuza vitambaa bado iko stoo, nyuma ya matairi, na ukurutu wake upo pale nilipoacha kuukwangua.